Kwa nini chuma kisichoshika kutu huwa ghali

ANAYEKWENDA kwa fundi wa kuchomelea pale Masimba, kaunti ya Kisii, akitaka lango la nyumba, huenda akatajiwa bei mbili. Lango la chuma cha kawaida ni nafuu, lakini lisipopakwa rangi mvua ya milimani hulila kwa kutu. Lile la chuma king'aacho, kisichoshika kutu, ni ghali zaidi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni jiwe jeusi liitwalo kromaiti.

Kromaiti ni muungano wa chuma, kromi na oksijeni. Kinachotafutwa ni kromi, kwa kuwa chuma cha pua chenye angalau asilimia 10.5 ya kromi hakishiki kutu kwa urahisi. Lakini kromi huing'ang'ania oksijeni kuliko chuma. Wahunzi wa kale wa Afrika Mashariki waliweza kupata chuma kwa makaa ya miti na mivukuto tu, kwani mawe ya chuma huanza kuachia oksijeni kabla joto halijafika nyuzi 800. Kromi haikubali kuiachia kwa makaa hadi joto lipite nyuzi 1,200.

Ndiyo maana viwanda hutumia tanuri za umeme zenye joto linalozidi nyuzi 1,600. Humo hutiwa kromaiti, makaa na mawe ya kusaidia kuyeyusha, kama vile chokaa. Chuma kilichomo huyeyuka na kunyonya kaboni ya makaa. Chembe za kromaiti nazo huyeyukia katika takataka zinazoelea juu, yaani mavi ya chuma. Pale takataka na chuma zinapokutana, kaboni huinyang'anya kromi oksijeni na kutoka ikiwa gesi inayotokota, nayo kromi huzama na kuchanganyika na chuma. Chuma hicho cha majimaji hurahisisha kazi, kwani kromi ikishamezwa humo hairudii oksijeni kwa wepesi.

Maarifa haya yana historia ndefu. Huko Chahak, Iran, mafundi wa karne ya 11 walitia kromaiti katika vyungu vya kuyeyushia chuma, kama utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulivyobainisha.

Gharama kubwa ni umeme. Tani moja ya mchanganyiko wa chuma na kromi huhitaji zaidi ya uniti 3,000. Kwa hivyo nchi yenye jiwe lakini isiyo na umeme wa kutosha huuza udongo na kununua chuma. Afrika Kusini huongoza duniani kwa kuchimba kromaiti, na Zimbabwe ilipiga marufuku uuzaji wa kromaiti ghafi nje mwaka wa 2021, ili iyeyushwe nyumbani. Nchini Kenya, madini hayo yamepatikana Pokot Magharibi. Swali kwa wapangaji wetu si jiwe pekee, bali pia umeme wa kuliyeyusha.

La ajabu ni kwamba ung'ang'anizi huo unaotutoza ndio unaotulinda. Lango likishatengenezwa, kromi iliyo usoni hudaka oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana, unaozuia kutu. Ukikwaruzwa, hujiziba wenyewe.

Hata hivyo, tabia hiyo ina hatari kwa fundi. Anapochomelea chuma hiki, sehemu ya kromi hugeuka mvuke, ikaungana tena na oksijeni hewani, na baadhi yake huwa sumu. Mwaka wa 2017, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hivyo fundi wa Masimba afanyie kazi hii mahali penye hewa ya kutosha, asiinamie moshi, na avae barakoa ya kuchuja mvuke wa metali. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.