Je, Wajua? Vitafunio vya Watoto Kutoka Mashamba na Pori la Annexe

Annexe ni komini inayoizunguka Lubumbashi. Komini nyingine sita za mji, yaani Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba na Ruashi, zimezungukwa nayo. Mitaa yake kama Kisanga, Kalebuka, Kasapa na Luwowoshi inatambaa mpaka kwenye mashamba ya mahindi na pori la miombo. Mama wa huku yuko karibu zaidi na karanga mbichi, mizizi na matunda ya pori kuliko mwenzake wa katikati ya mji. Hata hivyo mtoto akirudi shule na njaa, mara nyingi anapewa noti akanunue biskuti ya pakiti na maji ya rangi. Inaniuma, kwa sababu vitafunio vya huku vina mambo ya ajabu ndani yake, na wengi wetu tunavila bila kuyajua.

Je, wajua kwamba kikanda kinatokana na maua?

Kile kipande cha kahawia kinachokatwa kama soseji, ambacho ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa Wazambia wanakiita chikanda, hakina nyama hata kidogo. Kinatengenezwa kwa karanga na viazi vidogo vya okidi za porini, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Viazi hivyo huanikwa, vikatwangwa na kuchekechwa mpaka vikawa unga laini. Karanga nazo hutwangwa. Maji yakichemka na chumvi na magadi kidogo, unatia unga wa karanga, kisha ule wa okidi, huku ukisonga bila kupumzika. Ghafla mchanganyiko unashikamana na kuanza kuachana na sufuria. Hapo unapunguza moto wa mbabula (jiko la makaa), unafunika, unaweka makaa machache juu ya kifuniko, na kikanda kinaiva kutoka chini na juu kwa wakati mmoja.

Kinachokifanya kishikamane bila yai wala ngano ni glukomanani, aina ya nyuzinyuzi inayonyonya maji na kuvimba. Waturuki wanatumia viazi vya okidi zao kwa kazi hiyo hiyo: wanavisaga kuwa salep, wakapika kinywaji cha moto na kutengeneza aiskrimu nzito inayovutika. Wajapani wanapata glukomanani kwenye kiazi kingine kabisa, wakakigandisha kwa maji ya chokaa kuwa konyaku.

Kwa mtoto, kikanda kina protini na mafuta ya karanga, na hakina sukari. Pilipili ndiyo ya kupunguza. Lakini kuna jambo la kuangalia kwa makini: kuchimba kiazi ni kuua mmea. Miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vinatoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania kila mwaka kwenda Zambia, kwa sababu okidi za Zambia zilikuwa zimepungua mno. Mwaka 2005 Tanzania ikaifanya Kitulo, penye okidi nyingi, kuwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo kikanda kiwe cha siku maalumu, na unapokipika ongeza karanga, punguza unga wa okidi. Kitashika tu.

Munkoyo unafanya kazi ambayo maji hayawezi

Kila mtu Lubumbashi anaujua munkoyo, kinywaji cha mahindi, lakini si wote wanaojua kinachotokea ndani ya ndoo. Mizizi ya Rhynchosia, mmea wa jamii ya kunde, ina vimeng'enya vinavyokata wanga. Uji wa mahindi hupikwa hadi uive sawasawa, ukaachwa upoe hadi vuguvugu, ndipo mizizi iliyopondwa inatumbukizwa. Ikitiwa kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki ulivyo. Ikitiwa kwenye vuguvugu, baada ya saa chache uji mzito umekuwa mwepesi wa kunyweka, tena mtamu, bila kijiko cha sukari. Utamu huo ni wanga wa mahindi uliogeuka sukari.

Munkoyo wa siku hiyo hiyo ndio wa watoto. Ukilala unaanza kuchacha, na ukikaa zaidi unakuwa na kilevi. Huo waachie wazee. Mizizi inunuliwe kwa muuzaji anayefahamika, maana mizizi ya pori hufanana na si yote ni salama.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtoto mdogo kuliko tunavyodhani. Tumbo lake ni dogo. Uji mzito unamshinda kumeza, mama anaongeza maji, na mtoto anashiba maji. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg, waliofanyia utafiti wao Tanzania, waliandika juu ya njia ya kutumia kimea: nafaka inaloweshwa, inaoteshwa, inakaushwa na kusagwa, na unga wake kidogo tu unalainisha uji mzito. Mtoto anapata unga mwingi zaidi katika bakuli lile lile. Ulezi unafaa sana kwa kazi hii. Pika uji mzito, uache upungue moto, koroga kijiko cha kimea, subiri ulainike, kisha uchemshe tena kabla ya kumpa.

Viwavi wakavu wana protini nyingi kuliko tunavyodhani

Mwaka 1980 Malaisse na Parent walichapisha uchunguzi wa aina 23 za viwavi wanaoliwa kusini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Kwa wastani, viwavi wakavu walikuwa na protini asilimia 63.5 na kalori 457 katika gramu 100, na aina nyingi zilikuwa na madini ya chuma kwa wingi.

Chuma hicho kimejaribiwa kwa watoto pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, watoto wachanga walipewa uji wenye unga wa viwavi hadi umri wa miezi 18. Haukuwaongezea urefu, na watafiti walilisema hilo wazi. Lakini waliokuwa na upungufu wa damu walikuwa asilimia 26, wakati kwa wenzao ambao hawakuupata walikuwa asilimia 50. Ukiwa na mtoto anayekataa kiwavi kizima, kaanga viwavi wakauke, twanga pamoja na karanga na chumvi kidogo, kisha nyunyiza kwenye mhogo wa kuchemsha. Hataona miguu, atasikia ladha tu.

Karanga moja mbovu si ya kuonea huruma

Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana kwenye chakula chao cha mashudu ya karanga yenye ukungu. Ndivyo sumu ya aflatoksini ilivyojulikana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya. Kukaanga hakuimalizi. Kuchambua ndiko kunakosaidia: karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au chungu mdomoni itupwe, hata kama kopo limepanda bei.

Karanga nzuri inafanya maajabu. Mwaka 1996 daktari Mfaransa wa watoto, André Briend, pamoja na Michel Lescanne, walibuni Plumpy'Nut, lishe ya watoto wenye utapiamlo mkali. Kiungo chake kikuu ni karanga iliyosagwa, ikaongezwa maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, na pakiti ya gramu 92 ina kalori 500. Imetengenezwa hata hapa Lubumbashi, na kiwanda cha Amwili. Hiyo ni dawa, haiigwi jikoni. Lakini mtoto mzima wa afya anaweza kupata siagi ya karanga ya kinu juu ya ndizi mbivu, na hapo hakuna biskuti inayoikaribia. Chini ya miaka mitano, karanga zisagwe au zitwangwe. Nzima zinaweza kumkaba.

Kiazi kimoja kidogo

Gramu 125 za kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa zinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Kwa kazi ya kurutubisha mazao namna hii, Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016 ilikwenda kwa Maria Andrade, Jan Low, Howarth Bouis na Robert Mwanga wa Uganda. Kiponde, kichanganye na unga wa ngano, kaanga mandazi: utamu wa kiazi unakuruhusu kupunguza sukari, na mafuta yanausaidia mwili kuichukua vitamini hiyo.

Vumbi nalo linaliwa

Hili ni letu, watu wa mji wa shaba. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti, risasi na madini mengine kwa kiwango cha juu kuliko waliokaa mbali. Uchunguzi wa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba kwa watoto, vumbi linaloingia mdomoni ni njia mojawapo kubwa ya kobalti.

Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kitafunio, si kabla ya bukari (ugali) peke yake. Embe na mapera yaoshwe hata kama yameanguka uani. Mhogo na viazi vimenywe baada ya kuoshwa, si kabla, udongo usishikwe na kisu ukaingia ndani. Kuosha hakuondoi kile mmea ulichokwisha kunyonya ardhini. Ukiweza kuchagua, nunua mboga zilizolimwa mbali na mabaki ya viwanda, na karanga zako zianike juu ya turubai, kando na barabara ya malori.

Asali ya miombo ina umri wake

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata tone la kumtuliza. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtoto mchanga bado halijaweza kuzizuia. Kuipika kwenye uji hakuziui. Akishatimiza mwaka, mpakie kidogo kwenye kiazi cha moto.