Kutoka Bruce Lee hadi Wolf Warrior: mashabiki wa Katanga wanauliza "acteur" yuko upande wa nani

KAMBOVE, Haut-Katanga – Ukitaka kuwasha ubishi kati ya vijana wa mji wa migodi, uliza swali moja tu: kati ya Bruce Lee na Jackie Chan, nani mkali? Wa kwanza atasema Bruce Lee, kwa sababu alipiga kweli. Wa pili atamtetea Jackie Chan, kwa sababu anaanguka kweli. Wa tatu atataka kuwanyamazisha wote kwa jina la Jet Li. Na mdogo wao, aliyezaliwa wakati kaseti za video zimekwisha, ataleta Donnie Yen na filamu yake ya mwaka 2008, Ip Man.

Ubishi huo ni wa zamani, tena unapatikana kila mahali. Lakini Kambove na miji jirani ya Likasi, Fungurume na Kolwezi ina sababu yake ya kuuendeleza. Huku Mchina haonekani kwenye televisheni tu. Ni jirani, ni mwenye duka, ni injinia, na kwa watu wengi ni patron. Ndiyo maana filamu ambazo wazazi walizipendea mateke na ngumi, leo zinaleta swali zito zaidi: "acteur" yuko upande wa nani, wa mfanyakazi ama wa kampuni?

Cowboy kwanza, karate baadaye

Sinema ilifika Katanga pamoja na kazi ya mgodi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi, na ndani ya kambi hizo watu walionyeshwa filamu. Hazikuwa filamu zozote tu: utawala wa Wabelgiji ulikuwa na tume ya kuchagua zile ambazo Mwafrika aliruhusiwa kuona. Hata hivyo cowboy alipita. Mjini Kinshasa, katika miaka ya 1950, vijana walijiita "Bills" kwa kumfuata Buffalo Bill, wakavaa na kutembea kama watu wa Texas.

Kwa hiyo filamu za karate, kama watu wanavyoziita zote bila kutenganisha karate na kung-fu, zilikuta njia imekwisha kufunguliwa. Na cowboy mwenyewe alikuwa na deni huko Asia. A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, iliyomtangaza Clint Eastwood, ilichukua hadithi ya Yojimbo, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1961.

Kisha akaja Bruce Lee. Kazi zake kubwa zilitoka ndani ya miaka mitatu tu: The Big Boss mwaka 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon mwaka 1972, halafu Enter the Dragon mwaka 1973. Alikufa Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla ya hiyo ya mwisho kuonyeshwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Rais Mobutu alikuwa amekwenda Beijing kuonana na Mao. China ilikuwa inaingia Zaire kwa milango miwili: mmoja wa siasa, mwingine wa sinema.

Kapita wa kiwanda cha barafu

Mashabiki wengi wanakumbuka mapigano ya The Big Boss. Wachache wanasimulia hadithi yenyewe, ingawa inahusu kazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kijana mmoja anatoka kwao kwenda Thailand kutafuta kazi. Anapokelewa na binamu zake, nao wanamwingiza katika kiwanda cha barafu. Amemwapia mama yake kwamba hatapigana tena, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha kiapo hicho. Siku moja kipande cha barafu kinapasuka, na ndani yake yanaonekana madawa ya kulevya. Binamu wawili walioona siri hiyo wanaahidiwa pesa ili wanyamaze. Wanakataa, na hawaonekani tena. Wengine wanaokwenda kuwaulizia kwa patron nao wanapotea. Wafanyakazi wanagoma, kampuni inatuma watu wa kuwapiga, kidani kinakatika, na hapo ndipo Bruce Lee anapoanza kupiga.

Kinachofuata ndicho kinachowagusa watu wa migodi. Patron hamfukuzi kijana huyo. Anampandisha cheo, anamfanya kapita. Anamwalika mezani, anamlewesha, na wenzake wanaanza kumwona kama msaliti. Katika miji iliyojengwa na kampuni, neno "kapita" halihitaji maelezo. Ni yule aliyetoka kati ya wafanyakazi, akapewa amri juu yao, na kila siku anaulizwa ni mtu wa nani.

Katanga pia inajua mgomo unavyoweza kuisha. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara wa kutosha, na askari wakawafyatulia risasi huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Filamu ya Hong Kong ilisimulia kiwanda cha barafu, lakini mtu aliyekulia kambini aliweza kuweka ndani yake mgodi wa kwao.

Bango la Shanghai

Fist of Fury inakwenda mbali zaidi. Iko Shanghai, wakati wageni wanatawala sehemu za mji. Kwenye mlango wa bustani kuna bango: mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia. Bruce Lee analirusha juu, analivunja kwa teke.

Mashabiki wanaopenda historia husema hapo ndipo filamu ilipogeuka kuwa ya Waafrika. Katika Lubumbashi ya ukoloni, wazungu walikaa "ville" na Waafrika "cité", na kati yao paliachwa eneo tupu la kuwatenganisha. Usiku Mwafrika hakutembea mjini kwa wazungu bila ruhusa. Aliyekuwa ameishi hivyo hakuhitaji kujua Kichina ili aelewe teke lile.

Filamu hiyo inavunja pia kanuni ambayo kila mtoto anaijua: "acteur" hafi, anayekufa ni "chef bandit". Mwishoni Bruce Lee anatoka nje, anaruka kuelekea bunduki za askari, na picha inasimama akiwa hewani. Kuna wanaobisha hadi leo kwamba hakufa, kwa kuwa hatumwoni akianguka. Wengine wanajibu kwamba huo ndio ukubwa wa filamu: haki inadaiwa hata pale ambapo anayeidai hatabaki hai.

Wapenzi wa The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978, wana hoja nyingine. Kwao filamu nzuri ni ile inayoonyesha mtu anavyojifunza. San Te, anayechezwa na Gordon Liu, anaingia kwa watawa akiwa hajui kitu. Anabeba maji mikono ikiwa imenyooshwa, na visu vimefungwa mikononi ili asiishushe. Anapita vyumba 35, na mwishoni anaomba chumba cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida walio nje. Elimu ya kujitetea inatoka kwa wachache inakwenda kwa raia.

Kaseti na sauti ya Kiswahili

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na kazi yake ikachukuliwa na kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa "départs volontaires", uliosimamiwa na Benki ya Dunia.

Kampuni ilipodhoofika, starehe zake nazo zilidhoofika. Sinema ikawa mali ya mtu yeyote mwenye televisheni, mashine ya kaseti, groupe ya umeme na benchi chache. Kaseti ikafuatwa na diski, diski ikafuatwa na flash, na leo filamu nzima inapita kutoka simu hadi simu.

Katika vyumba vya video vya Afrika Mashariki, lugha ya filamu haikuwa kizuizi, kwa sababu palikuwa na watu wa kusimulia. Dar es Salaam ilimjua Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje, akazieleza na kuzitolea maoni. Baada yake akaja DJ Mark na wengine. Uganda ina ma-VJ wake wanaofanya kazi hiyo kwa Kiluganda.

Kiswahili cha Dar si kile cha Kambove, chenye Kibemba, Kiluba na Kifaransa ndani yake. Hata "acteur" wa Katanga, kule anaitwa steringi. Lakini kazi ya msimulizi ni moja. Hatafsiri tu. Anachagua nani wa kuonewa huruma na nani wa kuchekwa, na mara nyingi anakuwa upande wa watu waliokaa kwenye benchi.

Mchina wa kioo na Mchina wa kazini

Mwaka 2008 serikali ya Kinshasa ilitia sahihi mkataba mkubwa na kampuni za China: madini upande mmoja, barabara na majengo upande mwingine. Ndipo ilipozaliwa Sicomines ya Kolwezi. Mwaka 2016 Wamarekani wa Freeport-McMoRan waliuza sehemu yao ya Tenke Fungurume kwa kampuni ya China, CMOC. Ndani ya miaka michache, sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga ya zamani ikawa mikononi mwa Wachina.

Ipo filamu iliyochukua picha za mkutano huo bila ngumi yoyote. Empire of Dust, ya Mbelgiji Bram Van Paesschen, ilitoka mwaka 2011. Inafuata kampuni ya Kichina iliyofika karibu na Kolwezi kutengeneza barabara ya Kolwezi–Lubumbashi. Kati ya mkubwa Mchina anayetafuta kokoto na wenyeji wanaojadili bei, anasimama mkalimani Mkongomani anayezungumza Kichina. Kila neno gumu linapita mdomoni mwake. Anasikia dharau ya upande mmoja na lawama ya upande mwingine, na lazima azigeuze zote ziwe maneno yanayovumilika.

Halafu ikaja Wolf Warrior 2, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na kuchezwa na Wu Jing. Iliingiza zaidi ya yuani bilioni 5 nchini China, rekodi ya wakati huo. Hadithi iko katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye vita na ugonjwa wa kuambukiza. Askari wa zamani wa China anakwenda kuwaokoa watu walionaswa katika kiwanda cha Wachina.

Hapo mashabiki wanagawanyika. Upande mmoja unasema ni filamu ya mapigano safi, na kwamba ni afadhali kuona mtu wa Asia akiokoa dunia baada ya miaka mingi ya Rambo. Wanakumbusha pia pale ambapo mkubwa wa kiwanda anataka kuwatenga Wachina na Waafrika kabla ya kuondoka, na "acteur" anakataa: wote wataondoka pamoja.

Upande mwingine unajibu kwa swali: Mwafrika anafanya nini katika filamu hiyo? Analia, anakimbia, anaokolewa, ama anashika bunduki upande wa wabaya. Kiwanda, ambacho katika The Big Boss kilikuwa mahali pa siri na pa vifo, sasa ni mahali pa usalama panapolindwa na shujaa. Bruce Lee aliingia kiwandani kumtafuta patron. Wu Jing ameingia kuiokoa kampuni. Kati ya filamu hizo mbili imepita miaka 46, na katika miaka hiyo China yenyewe imetoka kwenye benchi la wafanyakazi ikaketi kwenye kiti cha patron.

Hoja hiyo haiwafanyi mashabiki waache filamu za China. Inawapa kipimo cha kuziangalia. Mtu anaweza kushangilia teke huku akiuliza limepigwa kwa faida ya nani.

Dola mia mbili za Kampala

Jibu mojawapo lilikwisha kutoka Uganda. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 inayosemekana kugharimu chini ya dola 200. Ndani yake kuna bwana wa kung-fu, Mganda, anayeitwa Bruce U, na VJ anayepiga kelele za furaha juu ya picha. Wakaliga hawakungoja Hong Kong iwaite. Walijitengenezea "acteur" wao, na dunia nzima ikamwangalia kwenye intaneti.

Katanga nayo haina upungufu wa watu wa picha. Lubumbashi imekuwa na Rencontres Picha tangu mwaka 2008, mkutano wa wapiga picha na wasanii wa video ulioanzishwa na wenyeji wenyewe. Hadithi nazo zipo: mgomo wa 1941, kapita aliyeulizwa ni mtu wa nani, baba aliyepokea bahasha ya "départ volontaire", kijana anayejifunza Kichina ili apate kazi.

"Acteur" wa filamu ya namna hiyo si lazima apige teke hata moja. Anaweza kuwa mkalimani aliyesimama kati ya patron na wafanyakazi, na siku moja akaamua kutafsiri kila neno kama lilivyosemwa.