Jina Moja, Ladha Nyingine: Vyakula vya Barabarani vya Bara Hindi

Familia nyingi za pwani yetu zimewahi kufunga safari ambayo hakuna aliyeiomba: safari ya kumpeleka mgonjwa Bara Hindi. Chennai, Hyderabad, Mumbai na Ahmedabad ni majina yanayotajwa majumbani mwetu kama yatajwavyo majina ya mitaa. Mgonjwa hupewa chakula chake hospitalini. Yule aliyemsindikiza, aghalabu mama au dada, hukaa wiki tatu au nne akihesabu fedha siku kwa siku, na mlo wake huupata kwa mchuuzi aliye nje ya lango. Hao ndio tuliowakusudia katika makala haya, kwani wengi wao hurudi na kisa kimoja: waliagiza chakula wakijuacho kwa jina, wakaletewa wasichokijua kabisa.

Tuchukue kachori. Kwetu sisi ni kiazi kilichopondwa kwa ndimu na pilipili, kikaviringwa, kikachovywa katika unga na kukaangwa. Ukiiagiza Jaipur au Jodhpur utapewa andazi kavu la unga wa ngano lililojazwa dengu au vitunguu vilivyokolezwa viungo; na Jodhpur iko hata ya tamu, iliyojazwa maziwa yaliyokaushwa na kutoswa katika shira. Ile yetu, Mumbai huitwa batata vada. Neno hilo batata ni la Wareno, na kiazi chenyewe, sawa na pilipili, asili yake ni Amerika. Wareno waliitwaa Goa mwaka 1510, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus hapa Mombasa. Waliyoyafanya katika bahari hii yanajulikana. Walakini viazi na pilipili vilibaki jikoni.

Batata vada ikitiwa ndani ya mkate laini uitwao pav, neno jingine la Kireno, pamoja na chatine kavu ya kitunguu saumu, huwa vada pav, chakula cha Mumbai kuliko vyote. Wengi humtaja Ashok Vaidya, aliyekuwa akiuza karibu na stesheni ya Dadar katika miaka ya 1960, kuwa ndiye aliyeianzisha. Walioila hasa walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo: chakula cha bei ndogo, chaliwa kwa mkono mmoja, chashibisha hadi jioni. Mwaka 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma. Mgomo ukashindwa, viwanda vingi vikafungwa, na baadhi ya waliopoteza kazi wakasimama barabarani kuuza kile kile walichozoea kununua.

Ukipanda kaskazini hadi Gujarat, pilipili hupungua na sukari huingia hata katika vyakula vya chumvi. Asubuhi Ahmedabad watu hula fafda, vipande vikavu vya unga wa dengu, pamoja na jalebi zinazochuruzika shira, na hawaoni ajabu yoyote. Katika jimbo hilo hilo, upande wa Kutch, mji wa Mandvi ndiko ilikotoka dabeli: viazi vilivyokolezwa viungo, ukwaju, njugu za kukaanga na punje za komamanga, vyote vikibanwa ndani ya mkate. Majahazi ya Mandvi yalifika Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, na miongoni mwa wasomaji wetu wamo ambao babu zao walishuka katika majahazi hayo.

Kuna kitu kimoja kinachobadilisha jina kila mji: kipuri kidogo cha mviringo kilichokauka, hutobolewa kwa kidole gumba, hutiwa kitoweo ndani, kisha huchovywa katika maji ya viungo na kutiwa kinywani mara moja. Mumbai ni pani puri, na ndani yake hutiwa mbaazi nyeupe zikiwa bado moto. Delhi ni golgappa, yenye maji ya nanaa. Kolkata ni puchka, na maji yake huchachuka kwa ukwaju. Tunaisifu ladha yake, lakini kwa msindikizaji wa mgonjwa hatuishauri. Maji hayo hayakuchemshwa, na mkono wa muuzaji huingia ndani yake siku nzima. Anayeuguza hana nafasi ya kuugua. Vilivyo salama zaidi ni vile vinavyotoka motoni mbele ya macho yako.

Hyderabad ndipo tungependa kukaa kidogo. Ramadhani ikiandama, nje ya mikahawa ya mji huo hujengwa majiko ya matofali na udongo, na ndani yake hupikwa halim: ngano, nyama, dengu, samli na viungo, vikisagwa kwa miko mikubwa ya mbao kwa saa hata kumi na mbili mpaka nyama isitambulikane na ngano. Mwaka 2010 serikali ya India iliipa halim ya Hyderabad ulinzi wa kisheria, kwamba jina hilo lisitumiwe ovyo na wapishi wa kwingineko. Mama yeyote wa Lamu au Mombasa akiionja atauliza: hii si boko boko? Naam, ni ndugu yake. Zote mbili zatokana na harisa ya Waarabu. Mahadhrami waliokwenda kuwa askari wa Nizamu, mtawala wa Hyderabad, waliipika huko, na wajukuu zao wangali wanaishi katika mtaa uitwao Barkas. Mahadhrami wengine walikuja kwetu. Yetu ilibaki na ngano, nyama na samli. Ya Hyderabad ikavaa pilipili, kitunguu cha kukaanga na majani ya kotmiri.

Chennai ni ulimwengu mwingine. Hapo mchele ndio mfalme: idli zilizopikwa kwa mvuke, dosa nyembamba, na paniyaram zinazopikwa katika chuma chenye vishimo, ndicho kile kile cha vitumbua vyetu. Jioni katika ufuo wa Marina huuzwa sundal, dengu zilizochemshwa na kuchanganywa na nazi, haradali na embe bichi. Ni nyepesi kwa tumbo na kwa mfuko.

Kuhusu nyama, kuchinja ng'ombe kumekatazwa kisheria katika majimbo mengi, yakiwemo Gujarat na Maharashtra, kwa hivyo utakayoikuta ni ya mbuzi, kuku au nyati. Waislamu wenzetu wanauza vyao karibu na Jama Masjid ya Delhi, barabara ya Mohammed Ali huko Mumbai, na kando ya Charminar huko Hyderabad. Penye shaka, mboga ni nyingi na nzuri. Nazo pakiti za dukani hubeba duara la kijani ndani ya mraba, kuonyesha kwamba hamna nyama, samaki wala yai.

Na kwa wasiostahimili ukali: kaskazini na Mumbai mwambie muuzaji "mirchi kam", pilipili kidogo. Chennai wengi hawasemi Kihindi. Huko sema "kaaram kammi", naye atakuelewa.