Kilo zimebadilika, mbona franga hazisogei?



Musimu wa kahawa uliopita nilikuwa kwenye meza ya malipo ya koperative moja. Mama mmoja alikuwa ameleta kilo 420, lakini kwenye liste iliandikwa 240. Akaonyesha karatasi yake ya mizani. Kontabule akakubali, akasahihisha ndani ya Excel: 420. Lakini malipo yakabaki franga 240.000, na bei ilikuwa franga 1.000 kwa kilo. Watu wakaanza kunung'unika: « Komite inakula pesa! »

Hakukuwa mwizi. Shida ilikuwa ndani ya ordinatere.

Tablo ya Excel si kama daftari. Kwenye kisanduku cha malipo hatuandiki franga, tunaandika formile: chukua kilo, zidisha na bei. Mashini inakumbuka kwamba malipo yanategemea kilo. Ukigusa kilo, inapiga hesabu tena yenyewe, na jumla ya chini inafuata. Kazi hii ilijulikana tangu 1979, wakati Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani walitoa programu VisiCalc, juu watu walichoka kufuta na kuandika upya hesabu yote kwa ajili ya namba moja.

Lakini Excel inaweza kuwekwa « Manuel ». Hapo haihesabu tena mpaka uiamuru. Na ukifungua kwanza fishie iliyowekwa Manuel, zingine utakazofungua nyuma yake zinafuata namna hiyo hiyo. Ndiyo iliyotupata. Tulipobonyeza F9, malipo ya mama yakapanda franga 420.000. Tukaona pia wamemba wawili waliosahihishiwa kilo asubuhi ile walikuwa wamelipwa pungufu. Ilibidi kuwaita warudi.

Basi, mbele ya kulipa:

1. Angalia chini ya ekra. Ukiona neno « Calculer », bonyeza F9.

2. Ingia « Formules », kisha « Options de calcul », chagua « Automatique ».

3. Jaribu: ongeza kilo 1 kwa memba mmoja. Malipo yake na jumla vikikataa kubadilika hata baada ya F9, huenda mtu aliandika namba kwa mkono juu ya formile. Rudisha formile, kisha ondoa ile kilo 1 ya kujaribu.

4. Liste iliyokwisha kuchapwa haijisahihishi. Kila mara mukibadilisha kitu, chapeni ingine, andikeni tarehe na saa, na ile ya zamani muikate msitari.

Na wewe memba, usitupe karatasi ya mizani. Ordinatere inapiga hesabu ya namba tunayoipa tu. Haijui kama ulileta 240 ao 420. Yule mama alipata haki yake juu alikuwa amechunga karatasi.