Walimu wa viziwi nao wajifunze kwa wazazi

Siku ya kufunga shule, katika shule moja ya bweni ya watoto viziwi, nilimwona mama mmoja akimlaki mwanawe wa miaka minane. Mtoto alijishika ndewe ya sikio, akaivuta taratibu, kisha akainua nyusi. Mama akalaza shavu juu ya kiganja na kukunja uso. Nilipomwuliza, alinieleza kuwa mtoto alitaka habari za nyanya yake, ambaye huvaa vipuli vikubwa. Naye alimjibu kuwa nyanya ni mgonjwa, yu kitandani. Mwalimu aliyesimama kando akatabasamu, akasema, "Mama, hizo si ishara. Sisi tunamfunza zilizo sahihi."

Kwa heshima zote, mwalimu huyo alikosea. Mama na mwanawe walikuwa na jina la mtu, swali na jibu, na kila mmoja alimwelewa mwenziwe. Nchini Nicaragua, watoto viziwi walipokusanywa katika shule moja ya Managua kuanzia mwaka 1977, walimu waliwafunza kutamka Kihispania na kusoma midomo. Lakini uwanjani na ndani ya basi watoto hao waliunganisha ishara walizotoka nazo makwao, na humo ikazaliwa lugha kamili ambayo wanaisimu wanaichunguza hadi leo.

Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali, katika kifungu cha 7, kustawisha Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mwanafunzi kiziwi anaweza kuifanyia mtihani badala ya Kiswahili. Ni heri. Lakini mtoto halali Bungeni. Shule zinapofungwa hurudi nyumbani kwa wazazi ambao aghalabu wanasikia, akiwa na lugha ambayo hakuna hata mmoja pale aijuaye. Akiumwa na tumbo usiku, hulia tu. Na mtu mzima mwenye nia mbaya akimwingilia, mtoto huyo atamshtaki kwa nani, na kwa maneno gani?

Mzazi naye halaumiki. Katika kituo cha tathmini huambiwa kuwa mwanawe ni kiziwi, akapewa barua ya kumpeleka shuleni. Jinsi ya kuzungumza naye hafunzwi. Baada ya hapo shule humwita kwa mambo mawili: karo na utovu wa nidhamu. Si ajabu wengine huona haya hata kufika.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu waanze kwa kuuliza. Mtoto anapoletwa mara ya kwanza, mwalimu akae na mzazi kwa nusu saa, daftari mkononi: kwenu maji mnayaonyeshaje? Baba je? Ng'ombe? Choo? Mzazi asiyejua kusoma ataonyesha kwa mikono, na mwalimu atachora. Kutokana na ishara hizo mtoto atavushwa hadi zile za shuleni bila kudharauliwa alichotoka nacho, na mama atakuwa ameketi shuleni kama mtu mwenye ujuzi. Siku ya kufunga, zamu igeuke: mwalimu, au afadhali mtu mzima aliye kiziwi, awafunze wazazi ishara ishirini za kwenda nazo likizoni. Hapo "naumwa hapa" na "nani amekufanyia?" zisikose.

Najua walimu wana kazi nyingi, na nimekutana na baadhi waliokiri kuwa walipelekwa katika shule hizo kabla ya wao wenyewe kuijua lugha ya ishara. Basi na waketi darasa moja na wazazi. Hakuna aibu katika jambo hilo.

Yule mama hakukasirika alipoambiwa kuwa ishara zake si ishara. Alimtazama mwalimu kwa kitambo, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Na nyanya yake akifariki likizo hii, nitamwambiaje?"

Tabasamu likamtoka mwalimu. Aliweka mkoba wake chini, akamwonyesha mara tatu, polepole, mtoto akiwatazama.