Likizo ya uzazi ikiisha, mtoto aachwe na nani?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MAMA aliyeajiriwa hapa nchini hupewa kisheria siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 iwapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo.

Kati ya siku hizo 84 na miezi sita kuna pengo la takriban miezi mitatu. Pengo hilo huwa kubwa zaidi kwa mama aliyeanza likizo mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu likizo kuanza wiki nne kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Anayefanya hivyo hubakiwa na siku 56 tu za kukaa na mwanawe.

Ni katika kipindi hicho ambapo wazazi wengi wa mijini huamua, tena kwa haraka, mtoto abaki na nani. Mazungumzo huwa juu ya yaya, bibi au kituo, na gharama ya kila mmoja. Lakini swali linalopaswa kutangulia ni hili: ni mpango upi utakaomwezesha mtoto kuendelea kupata maziwa ya mama yake, huku akiwa chini ya uangalizi wa mtu mzima muda wote?

Umbali una uzito wake

Sheria hiyo ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto. Haki hiyo huwa na maana ndogo kwa mama anayefanya kazi Posta ilhali mtoto yuko Mbagala au Gongo la Mboto, kwa kuwa foleni peke yake inaweza kuzimaliza saa hizo mbili.

Kwa sababu hiyo, kituo kilicho karibu na ofisi kinaweza kumfaa mtoto mchanga kuliko kilicho karibu na nyumbani, hata kama ada yake ni kubwa kidogo.

Pale ambapo mama hawezi kumfikia mtoto mchana, njia iliyopo ni kukamua maziwa. Maziwa hayo huweza kukaa hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi, na hadi siku nne katika jokofu. Joto la Dar es Salaam hupita nyuzi hizo kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo ni salama zaidi kuyahifadhi kwenye jokofu mara tu baada ya kukamuliwa. Mlezi ayapashe kwa kutumbukiza chombo katika maji ya moto, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe kisafi.

Yaya, bibi au kituo?

Bibi huleta upendo na uzoefu ambao haununuliwi. Hata hivyo, wapo wanaoamini kuwa mtoto wa miezi mitatu anahitaji maji au uji mwepesi. Jambo hilo lizungumzwe kwa heshima mapema, ikiwezekana kwa kwenda naye kliniki akamsikie muuguzi mwenyewe.

Kuhusu msichana wa kazi, la kwanza ni umri. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo huruhusiwa kufanya kazi nyepesi tu isiyodhuru afya yake wala kuzuia masomo. Kumkabidhi mtoto mchanga kutwa nzima kwa binti ambaye naye ni mtoto ni kuwaweka wote wawili hatarini.

Aidha, yaya anayetakiwa kufua, kupika, kudeki na kwenda sokoni hawezi wakati huo huo kumwangalia mtoto. Familia inayomtaka awe mlezi haina budi kumpunguzia kazi nyingine na kumlipa mshahara wake kwa wakati.

Kwa upande wa vituo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitaka visajiliwe. Mzazi ana haki ya kuomba kuona hati ya usajili, na akiwa na shaka amuulize ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Zaidi ya hati, ahesabu wachanga walio mikononi mwa kila mlezi. Atazame vyoo, maji, jiko na uzio, na aulize nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Aangalie pia kama wachanga hulazwa chali, ambao ndio ulalaji salama zaidi kwao. Kituo kinachomzuia mzazi kufika bila taarifa kimekwisha kujibu swali lake.

Anza kabla ya kurudi kazini

Uamuzi huu usingoje siku ya mwisho ya likizo. Wiki mbili kabla, mtoto aanze kuachwa na mlezi kwa saa moja, kisha nusu siku, huku mama akiwa karibu. Mlezi aandikiwe namba za simu za wazazi na jina la kituo cha afya cha kukimbilia.

Baada ya hapo, kadi ya kliniki itatoa ushahidi. Mtoto mchanga hawezi kueleza alivyoshinda, lakini uzito wake hueleza. Mstari wa ukuaji ukilala au kushuka baada ya mama kurejea kazini, wazazi wamwone mhudumu wa afya, kisha wautazame upya mpango wao wa malezi bila kusubiri mwezi mwingine.