Utangulizi: Namna ya Kulisoma Gofu

 Wengi wakifika mbele ya gofu la ngome ya kale huuliza lilijengwa na mfalme gani, wakishatajiwa jina huridhika. Kitabu hiki kinakutaka uendelee kuuliza: ukuta huu ulimzuia nani, ukaangukaje, na waliokuwa ndani yaliwapata yapi?

Tuchukue ngome ya Château Gaillard, juu ya jabali la chokaa kando ya mto Seine, kaskazini mwa Ufaransa. Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza, aliyekuwa pia mtawala wa Normandy, aliijenga kati ya 1196 na 1198 ili kumzuia Philippe wa Pili wa Ufaransa asiufikie mji wa Rouen. Ukuta wake wa ndani haukunyooka. Umejengwa kwa mbinuko za mviringo zilizopangwa bega kwa bega, na jiwe lililorushwa kwa mtambo likigonga mbinuko huchepuka.

Hata hivyo, baada ya kuzingirwa na jeshi la Philippe kwa miezi kadhaa, ngome ilitekwa Machi 1204. Yasimuliwa kwamba askari walijipenyeza kupitia dirisha la kanisa lililoongezwa na John, mdogo wake Richard. Wako wanaosema waliingilia chooni. Ukuta wa ndani nao ulichimbwa kutoka chini.

Kabla ya hapo, wanakijiji waliokimbilia ndani walifukuzwa ili chakula kiwatoshe askari walioilinda ngome. Mamia yao walikwama kati ya majeshi mawili wakati wa baridi kali, na wengi wakafa njaa. Kuta hazisemi lolote juu yao. Habari zao tumezipata katika maandishi ya zama zile. Ndiyo maana mtafiti wa ngome hasikilizi shahidi mmoja. Husoma jiwe, hati na udongo kwa pamoja.

Mvuto wa gofu uko hapo. Ngome nzima huonyesha uso wake tu, ilhali ukuta uliobomoka hukuonyesha unene wake, kokoto na chokaa vilivyojazwa katikati. Tena si kila pengo ni kazi ya mvua: karne nne baadaye, Mfalme Henri wa Nne aliamuru Château Gaillard ibomolewe, na mawe yake yakatumika kujengea kwingine.

Basi anza na gofu lililo karibu nawe. Kabla ya kusoma kibao, lizunguke, tafuta lango, kisima na choo. Jiwe usiliondoe: likihamishwa, ushahidi wake umepotea.